Prosesa Inayoamka kwa Kasi Isiyo Yake: Historia ya Hitilafu Moja

Miongoni mwa hitilafu zilizowasumbua mafundi tangu kompyuta binafsi zilipoenea, ile ya prosesa kuanza kazi kwa kasi isiyolingana na iliyoandikwa mgongoni mwake ina historia ndefu kuliko inavyodhaniwa, na historia hiyo haieleweki mpaka jambo moja la msingi liwekwe wazi. Prosesa, yaani chipu inayotekeleza maagizo yote ya kompyuta, kwa sehemu kubwa ya historia yake haikujipangia kasi, bali ilipigiwa mapigo ya umeme kutoka nje na kuyafuata, hatua kwa pigo. Idadi ya mapigo hayo kwa sekunde hupimwa kwa hezi: megahezi 1 ni mapigo milioni moja kwa sekunde, na gigahezi 1 ni mapigo bilioni moja. Namba iliyochapwa juu ya chipu ilikuwa ahadi ya kiwanda kwamba chipu hiyo ilijaribiwa na kuhimili mapigo ya kiasi hicho. Haikuwa amri ya kuilazimisha iende hivyo. Amri ilishikwa na mwingine, na huyo mwingine amebadilika mara kadhaa tangu mwaka 1981, na kila alipobadilika, hitilafu nayo ilihama mahali.

Kompyuta binafsi ya IBM, iliyotangazwa tarehe 12 Agosti 1981, ilitumia prosesa ya Intel 8088 iliyoidhinishwa kufikia megahezi 5, lakini ikaendeshwa kwa megahezi 4.77. Sababu ilikuwa uwekevu wa wasanifu wake. Ubao mama, yaani bamba kuu linalobeba chipu zote na kuziunganisha, ulikuwa na fuwele moja ya kwatsi, kipande cha madini kinachotetema kwa mwendo usioyumba kinapopitishiwa umeme, na fuwele hiyo ilitetema kwa megahezi 14.31818. Kiasi hicho ni mara nne ya masafa yaliyobeba rangi katika televisheni za Marekani, kwa hiyo fuwele ileile iliweza kuhudumia picha ya rangi kwenye televisheni ya nyumbani, kisha ikagawanywa kwa 3 kupata megahezi 4.77 za prosesa, na kwa 12 kupata megahezi 1.193182 za chipu ya kuhesabu muda. Namba hii ya mwisho inafaa kukumbukwa, kwa kuwa ilidumu ndani ya kompyuta za ukoo huo kwa miongo kadhaa, na ndiyo iliyokuja kuwa kipimo cha kupimia kasi ya prosesa zilizoizidi 8088 mara mia.

Katika mashine ya namna hiyo, kuanza kwa kasi isiyo sahihi karibu hakukuwezekana, kwa sababu hapakuwa na la kuchagua: fuwele moja, mgawanyo mmoja, kasi moja. Hitilafu iliingia pamoja na uchaguzi. Mwaka 1984 IBM ilitoa modeli ya AT yenye prosesa ya 80286, iliyoendeshwa kwa megahezi 6 kutokana na fuwele ya megahezi 12, na fuwele hiyo haikuchomelewa kwa risasi kwenye ubao bali ilichomekwa kwenye soketi. Watumiaji wajasiri waligundua upesi kwamba wakiing'oa na kuchomeka ya megahezi 16, prosesa ileile ilikwenda kwa megahezi 8 bila malalamiko. Kampuni ilijibu kwa kuweka, katika matoleo ya baadaye ya programu ya kuanzishia, kipimo kilichokagua kasi na kuikatalia mashine kuendelea kuwaka ikiwa kasi imezidi. Programu ya kuanzishia, ambayo mafundi wote huiita BIOS, ni ile inayoamka kwanza kompyuta inapowashwa, kabla ya Windows au mfumo mwingine wowote, na hapo ndipo ilipopewa kwa mara ya kwanza kazi ya kuisimamia kasi.

Wakati huohuo watengenezaji wa kompyuta zilizoiga IBM walishindana kwa kasi, wakazitoa mashine za megahezi 8 na 10, na wakakutana na tatizo ambalo hawakulitarajia: michezo na programu nyingi zilihesabu muda kwa mizunguko ya prosesa yenyewe, hivyo katika mashine yenye kasi zaidi ziliendeshwa mbio hata zisichezeke. Ndiyo maana kikazaliwa kitufe cha Turbo, ambacho licha ya jina lake kazi yake ya kweli ilikuwa kuirudisha mashine kwenye mwendo wa zamani. Ugonjwa wa programu kutohimili kasi haukuishia hapo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990, programu zilizoandikwa kwa Turbo Pascal zilianza kufa ghafla kwa kosa namba 200 kwenye prosesa zilizozidi takriban megahezi 200, kwa sababu hesabu ya mizunguko iliyofanywa mwanzoni mwa programu ilitoa jibu kubwa lisiloweza kuingia katika nafasi iliyotengewa.

Kando ya kitufe cha Turbo, makasha mengi ya kompyuta yalikuwa na dirisha dogo lenye tarakimu za taa, likionyesha 16 au 33 au 66, na hapa pana jambo lililowapotosha wengi. Dirisha hilo halikupima chochote. Nyuma yake kulikuwa na safu za pini na jampa, yaani vijikofia vya plastiki vyenye kipande cha chuma ndani, vinavyovishwa juu ya pini mbili ili kuziunganisha, na fundi aliyeunda mashine ndiye aliyeamua kwa mkono wake ni vijiti gani vya tarakimu viwake Turbo ikiwa imebonyezwa na vipi ikiwa haijabonyezwa. Mashine iliyokwenda kwa megahezi 25 iliweza kuonyesha 40 kwa miaka yote, na mwenye mali asingejua.

Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 1992 kwa prosesa ya 486DX2, ambayo ndani yake ilizidisha mapigo ya nje mara mbili: ubao ulipiga megahezi 33, prosesa ikafanya kazi kwa 66. Tangu hapo kasi ya prosesa ikawa zao la namba mbili. Ya kwanza ni mapigo ya njia kuu, yaani mkusanyiko wa nyaya ambazo prosesa hupitishia data kwenda na kutoka kwenye kumbukumbu. Ya pili ni kizidishi, yaani mara ngapi prosesa inayazidisha mapigo hayo kwa matumizi yake ya ndani. Anayetafuta chanzo cha kasi isiyo sahihi, wakati huo na miaka mingi baadaye, alikuwa kwa hakika anatafuta ni ipi kati ya namba hizo mbili iliyokosewa, na kwa maoni ya mwandishi wa makala haya hakuna ujuzi mwingine katika ufundi huu uliookoa muda na fedha kama huo.

Prosesa za Pentium za mwaka 1994 zilikisoma kizidishi chao kwenye pini maalumu mara tu zilipowashwa. Pini hizo zilishushwa au kupandishwa umeme na jampa za ubao mama, na jedwali la mipangilio yake lilichapwa kwenye ubao wenyewe kwa herufi ndogo nyeupe au kwenye kijitabu kilichopotea mapema. Pentium ya megahezi 90 ilipatikana kwa 60 mara 1.5, ile ya 100 kwa 66 mara 1.5, ile ya 166 kwa 66 mara 2.5. Jampa moja ikihama kwa safu moja, prosesa ya 166 iliamka ikiwa ya 133, na haikulalamika. Jedwali lenyewe nalo halikutosha, kwa kuwa pini zilikuwa chache na vizidishi viliongezeka, hivyo viwanda vikaanza kuzipa alama zilezile maana mpya. Pentium MMX ya megahezi 233, ya mwaka 1997, ilisoma mpangilio wa mara 1.5 kuwa ni mara 3.5. AMD ikafanya vivyo hivyo katika matoleo ya baadaye ya K6-2, yaliyousoma mpangilio wa mara 2 kuwa ni mara 6, na kwa njia hiyo ubao wa zamani wenye njia kuu ya megahezi 66 uliweza kuipa prosesa megahezi 400. Fundi aliyelitii jedwali la ubao bila kujua chipu iliyo mbele yake inavyosoma alijikuta na matokeo yasiyoelezeka, na wengi waliirudisha dukani prosesa nzima.

Kizidishi kilichokuwa mikononi mwa yeyote mwenye kibano kilileta pia udanganyifu. Wafanyabiashara waliukwangua uso wa chipu za bei ya chini, wakachapa namba ya kasi kubwa zaidi, wakapanga jampa kulingana na namba hiyo, na mashine ikafanya kazi mpaka joto lilipoielemea. Mwaka 1998 jarida la Kijerumani la c't liliwasaidia wasomaji wake kuzitambua Pentium II zilizobandikwa kasi zisizo zao. Jibu la Intel lilikuwa kukifunga kizidishi ndani ya chipu, na pia kutoa programu iliyomwonyesha mtumiaji namba mbili kwa pamoja: kasi ambayo prosesa inakwenda na kasi ambayo kiwanda kilikusudia iende. Hapo nusu ya mamlaka iliondoka kwenye ubao mama ikahamia ndani ya prosesa. Nusu nyingine, yaani mapigo ya njia kuu, ilibaki nje, na hiyo ndiyo iliyozaa karibu visa vyote vilivyofuata.

Kisa mashuhuri kuliko vyote kilihusu Celeron 300A ya Agosti 1998, ambayo kizidishi chake kilifungwa kwenye 4.5 na njia kuu yake ilitakiwa iwe megahezi 66. Ubao uliijua njia kuu hiyo kwa kusoma mguso mmoja wa prosesa, ulioitwa B21. Ukifunikwa kwa utepe mwembamba wa gundi au hata kwa rangi ya kucha, ubao uliamini kwamba umepewa prosesa ya megahezi 100, na Celeron ikaamka kwa 450 badala ya 300. Miaka miwili baadaye wenye Athlon za AMD walifungua vizidishi vyake kwa kuunganisha vijidaraja vya dhahabu vilivyokatwa juu ya chipu, kwa mstari wa penseli, kwa sababu risasi ya penseli ni kaboni inayopitisha umeme. Walioyafanya hayo waliitaka kasi isiyo sahihi, wakaipata, na maarifa waliyoyaeneza yakawa ndiyo maarifa yaliyotumiwa na mafundi kuwaponya wale wasioitaka.

Kwa upande mwingine, majina ya biashara yalianza kuachana na megahezi. Cyrix iliuza prosesa iliyoitwa 6x86-P200+ ambayo ilikwenda kwa megahezi 150, kwa hoja kwamba kwa kila pigo ilifanya kazi nyingi kuliko Pentium. AMD ilifuata njia hiyo tarehe 9 Oktoba 2001 ilipotoa Athlon XP: ile iliyoitwa 1500+ ilikwenda kwa megahezi 1333, na iliyoitwa 2000+, iliyofuata muda mfupi baadaye, kwa 1667. Mnunuzi aliyeona 1333 kwenye kioo alidhani ameibiwa, kumbe mambo yalikuwa sawa. Na kelele za malalamiko hayo yasiyo na msingi zilificha malalamiko mengine yaliyokuwa ya haki kabisa.

Malalamiko hayo ya haki yalikuwa ya wale walioona megahezi 1000. Athlon XP 1500+ ilikuwa na kizidishi cha 10 na ilihitaji njia kuu ya megahezi 133, lakini soketi yake ilikuwa ileile iliyozipokea Duron na Athlon za awali zilizotaka megahezi 100, na ubao mama mpya, kwa tahadhari, mara nyingi ulitoka kiwandani ukiwa umepangwa kwenye 100. Kumi mara mia ni elfu. Kwa sababu hiyohiyo 2000+, yenye kizidishi cha 12.5, iliamka kwa 1250. Mkondo wa Intel nao haukuepuka, kwani Pentium 4 ya gigahezi 2.4 iliyotaka njia kuu ya 133, na kizidishi chake ni 18, ilishuka hadi 1.8 ilipopewa 100, na Windows XP, kwenye ukurasa wa sifa za mfumo, iliziandika namba zote mbili moja chini ya nyingine: 2.40 iliyosomwa kutoka kwenye jina lililohifadhiwa ndani ya chipu, na 1.80 iliyopimwa. Ukizitazama jozi hizi, 1333 na 1000, 1667 na 1250, 2.4 na 1.8, utaona kwamba kila mara ya pili ni robo tatu ya ya kwanza. Hesabu pekee inamtaja mkosaji kabla kasha halijafunguliwa. Athlon XP 2500+, iliyotaka njia kuu ya 166 kwa kizidishi cha 11, ilikwenda kwa 1833 ilipopangwa vizuri, kwa 1467 ubao ulipoishia 133, na kwa 1100 uliposhuka hadi 100.

Namba hiyo iliyopimwa ilipatikanaje? Pentium ya mwaka 1993 iliongezewa kihesabio cha ndani kinachopanda kwa kila pigo, na BIOS ilikisoma kihesabio hicho mara mbili, mwanzoni na mwishoni mwa kipindi kifupi kilichopimwa na chipu ya muda yenye megahezi 1.193182, ile iliyorithiwa kutoka kwenye rangi ya televisheni. Kwa hiyo namba ya megahezi kwenye kioo iliweza kuaminiwa hata pale jina la prosesa lilipoandikwa vibaya na BIOS ya zamani isiyoifahamu chipu mpya. Jina lilitokana na jedwali, kasi ikatokana na kipimo, na fundi aliyezichanganya mbili hizi alihangaika bure.

Palibaki swali la kwa nini mashine iliyopangwa vizuri na kufanya kazi miaka miwili ilirudi siku moja kwenye kasi ya chini. Jibu limo katika kumbukumbu ndogo ya mipangilio iliyoingizwa na IBM AT mwaka 1984, chipu yenye baiti 64, ambapo 14 zilitengewa saa na kalenda na 50 zilizobaki zikahifadhi maelezo ya mashine, yote yakilindwa na betri umeme unapozimwa. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 watengenezaji wa ubao mama, Abit ikiwa mbele kwa mfumo wake ulioitwa SoftMenu, waliuondoa mpangilio wa kasi kwenye jampa na kuuweka kwenye menyu ya BIOS. Hilo liliwaondolea mafundi adha ya vibano na tochi, lakini likaiweka kasi ya prosesa chini ya ulinzi wa betri ya volti 3 aina ya CR2032, bapa na duara, ambayo ikiisha huondoka na mipangilio yote, na BIOS isipoelewa kilichobaki hurejea kwenye kasi ya chini kabisa iliyo salama. Dalili yake ni saa na tarehe kurudi miaka mingi nyuma, na fundi mwenye uzoefu huitazama tarehe kwanza. Bodi nyingi pia ziliwekewa kinga nyingine: mashine ikikwama njiani wakati wa kuwaka, hata kwa sababu ya umeme kukatika, safari inayofuata huanza kwa njia kuu ya megahezi 100 bila kumshauri mtu. Katika miji ya Afrika Mashariki, ambako kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya na Marekani ziliingia kwa wingi miaka ya 2000, zile zilizokaa muda mrefu kwenye maghala na makontena zilifika na betri zilizokufa, na umeme wa kukatikakatika ukaongeza sababu ya pili juu ya ya kwanza.

Tiba haikuwa daima kuandika 133 na kuondoka. Kadi za sauti, za mtandao na vidhibiti vya diski vilipigiwa mapigo yaliyogawanywa kutoka njia kuu, na vilitarajia megahezi 33: mia ikigawanywa kwa 3, au 133 ikigawanywa kwa 4. Ubao wa zamani usio na mgawanyo wa nne ulizipa kadi hizo megahezi 44, na diski ikaharibu mafaili kimyakimya. Aliyeharakisha kurudisha kasi bila kuijua chipu kuu ya ubao aliponya kidonda kidogo akafungua kikubwa.

Kisha maana ya kasi yenyewe ikageuka. Januari 2000 Intel ilitoa Pentium III za kompyuta mpakato za megahezi 600 na 650 ambazo, zikitegemea betri, zilishuka zenyewe hadi 500. Teknolojia hiyo iliitwa SpeedStep. Athlon 64 ya mwaka 2003 ilileta jambo hilo kwenye kompyuta za mezani, ikitulia kwenye 800 au 1000 isipokuwa na kazi, na mafundi waliozoea kuiona namba ndogo kuwa ni ugonjwa walibadilisha betri na bodi bila sababu. Kuanzia Core i7 za mwaka 2008 prosesa ilianza pia kupanda juu ya kasi iliyoandikwa, ikijipimia joto na umeme, na mwaka 2011 Intel iliingiza hata chanzo cha mapigo kwenye chipu zake, kikapiga megahezi 100 kwa sehemu karibu zote za mashine, hivyo kubadilisha njia kuu kukawa karibu hakuwezekani. Mamlaka ikawa imehamia ndani kabisa.

Hitilafu haikuisha, ila ilibadili mlango. Leo mpakato iliyong'ang'ania megahezi 800 au chini ya hapo hata ikiwa na kazi nzito mara nyingi haina tatizo la mpangilio, bali imepokea ishara ya hatari: chaja isiyotambuliwa, kipima joto kilichoharibika, au waya mmoja wa ubao unaoiambia prosesa kwamba kuna joto kali mahali fulani ilhali hakuna. Kwa hiyo anayeletewa mashine ya namna hii, iwe ya mwaka 2002 au ya mwaka huu, asiguse prosesa kwanza. Aipe kazi nzito kwa dakika chache huku akiitazama kasi iliyopimwa, aangalie tarehe na betri, ahakikishe chaja ni ile inayostahili, na kama mashine ni ya zamani aigawanye kasi aliyoiona kwa kizidishi cha chipu, naye atajua njia kuu imepangwa kwenye namba gani kabla hajamwomba mteja hata shilingi ya kifaa kipya.